Mtu wa Shaba na Kichwa cha Kalenga

Katika makutano ya barabara za Samora na Maktaba, mjini Dar es Salaam, amesimama askari wa shaba nyeusi. Amesonga mbele kwa hatua ya shambulio, bunduki mikononi, na singe yake imeelekea bandarini. Magari yamzunguka mchana kutwa, na katika maelfu wapitao hapo ni wachache mno wamwinuliao macho. Mbali na hapo, katika nyanda za juu za kusini, kando ya mto Ruaha Mdogo, kipo kijiji cha Kalenga, kilichokuwa boma la Wahehe. Na katika nyumba ndogo ya makumbusho ya kijiji hicho limewekwa ndani ya kioo fuvu la kichwa cha mtu. Wa Dar es Salaam ana mwili mzima lakini hana jina. Wa Kalenga ana jina linalojulikana na kila mtoto wa shule, lakini mwili hana. Nia ya makala haya ni kuitazama sanamu ile kama kazi ya sanaa, na kuipima mbele ya fuvu hili. Kwani sidhani kwamba mtu aweza kuihukumu sawasawa akiwa amesimama Dar es Salaam tu.

Sanamu ya Askari ilizinduliwa mwaka 1927. Aliyeifanya ni Mwingereza James Alexander Stevenson, aliyezaliwa mwaka 1881 akafa mwaka 1937, naye alikuwa na desturi ya kutia katika kazi zake saini ya jina la kubuni, Myrander. Ilisubiwa London, katika karakana ya Morris iliyokuwa Westminster, na kabla ya kupakiwa melini ilionyeshwa kwa muda katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, ikasifiwa sana. Mkono huo huo ulifanya na sanamu za Nairobi na Mombasa, zilizo dada za hii ya Dar es Salaam. Hivyo basi jina la fundi twalijua, hata majina yake mawili, na jina la karakana twalijua. Jina la mtu aliyewakilishwa halipo, wala halikukusudiwa kuwapo.

Yafaa kwanza kusema neno juu ya ufundi wenyewe, maana lugha yetu hapa yaweza kutupoteza. Tumezoea kumwita kila afanyaye sanamu mchongaji. Mchongaji hupunguza: huanza na gogo au jiwe, akatoa yasiyotakiwa mpaka umbo likabaki. Afanyaye sanamu ya shaba hafanyi hivyo. Yeye huongeza udongo juu ya udongo kwa vidole vyake, na kwa asili ya kazi yake ni ndugu wa mfinyanzi. Umbo likiisha, hutengenezwa kwa nta. Nta hufunikwa kalibu ya udongo. Kalibu hutiwa moto, nta ikayeyuka ikatoka. Na katika uwazi ule ulioachwa humiminwa shaba iliyochanganywa na bati. Kwa hiyo kila sanamu ya shaba iliyofanywa kwa njia hii imejaza pengo la kitu kilichopotea. Mafundi wa Ife na Benin, katika Nigeria ya leo, waliijua njia ya nta karne nyingi zilizopita. Huku kwetu kusini Wakinga na Wapangwa walikuwa mabingwa wa kufua chuma, lakini kazi yao ilikuwa jembe na mkuki, si sura ya mtu.

Huko Ulaya aliyetuachia habari ndefu kuliko wote juu ya kazi hii ni Benvenuto Cellini wa Florence, aliyeishi kati ya mwaka 1500 na 1571. Alikuwa sonara kwanza, mtu wa ugomvi na majivuno, aliyemwaga damu zaidi ya mara moja, akafungwa katika ngome ya Roma na kutoroka kwa kuvunjika mguu. Alimfanyia Mfalme Fransisi wa Kwanza wa Ufaransa chombo cha dhahabu cha kuwekea chumvi, ambacho sasa kiko Vienna. Lakini kazi aliyoitegemea impe jina la milele ilikuwa sanamu ya shaba ya Perseus, shujaa wa hadithi za Wayunani aliyemkata kichwa Medusa, mwanamke ambaye kila amtazamaye hugeuka jiwe. Mtawala Cosimo wa Medici aliiagiza mwaka 1545, nayo ikafunuliwa mbele ya watu mwaka 1554.

Katika kitabu cha maisha yake Cellini aeleza siku ya kusubu. Homa ilimshika akalala kitandani, akidhani anakufa. Akaja mtu kumwambia kwamba kazi imeharibika: shaba ilikuwa imeganda tanuruni kama uji uliopoa. Akaruka kitandani, akaagiza kuni za mwaloni zenye moto mkali, na huku paa la karakana limeshika moto na mvua inaingia kutoka upande wa bustani, akaamuru vyombo vya bati vya nyumbani mwake viletwe, sahani na bakuli wapata 200, akavitupa kimoja kimoja ndani ya tanuru mpaka madini yakaanza kutiririka. Huenda mzee alitia chumvi, maana hakuwa mtu wa kujipunja sifa. Hata hivyo bati kweli huilainisha shaba ikapata kupita, kwa hiyo kiini cha hadithi ni cha kuaminika. Ilipokwisha, aliandika jina lake katika mkanda upitao kifuani pa Perseus, mahali ambapo jicho haliwezi kuliepuka.

Nimemtaja Cellini kwa sababu mbili. Ya pili nitaifikia tutakaporudi Kalenga. Ya kwanza ni uwanja ambamo sanamu yake iliwekwa. Katika uwanja ule wa Florence ilikwisha kuwapo sanamu nyingine ya shaba, kazi ya Donatello, ionyeshayo Yudithi akimkata kichwa Holofernes. Ilikuwa mali ya jamaa ya Medici. Na Medici walipofukuzwa mjini, wananchi waliichukua mwaka 1495 wakaiweka mbele ya jumba la serikali pamoja na maandishi, ili iwe onyo kwa kila mwenye kutaka kuwadhulumu. Medici waliporudi na kutawala, Cosimo alijibu kwa shaba: upanga, na kichwa kilichokatwa, safari hii mkononi mwa shujaa wa mtawala. Tangu hapo sanamu zile mbili zimekuwa zikisemezana. Mtu asiyejua neno la Yudithi hawezi kulisikia jibu la Perseus.

Na Askari wetu vilevile ni jibu. Kabla yake, mwaka 1909, Wajerumani walikuwa wamesimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, kazi ya Adolf Kürle wa Berlin. Wissmann ndiye aliyekuja mwaka 1889 na jeshi la kukodi, wengi wao Wasudani kutoka Misri na watu kutoka Msumbiji, akauzima upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri. Baadaye akawa gavana. Sanamu yake ilimwonyesha amesimama juu, macho yake mbali, kama mtu asiyehitaji kutazama chini. Chini yake kulikuwa na askari Mwafrika, ameinua uso kumtazama bwana wake, akiteremsha bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyekufa. Simba ndiyo nchi. Kuisoma sanamu ile hakukuhitaji elimu: mmoja aamuru, mmoja atii, na aliyeshindwa amelazwa chini ya miguu ya wote wawili.

Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Ilikwenda Uingereza, ikapata kurudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu cha Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mara ya mwisho mwaka 1968. Laiti wanafunzi wa sanaa wangeziweka picha za sanamu hizi mbili ubavu kwa ubavu! Wangeona mara moja alilolifanya Stevenson. Alimtoa bwana juu ya jukwaa. Akamwondoa na simba. Yule aliyekuwa chini amepandishwa, shingo iliyokuwa imekunjwa kwa kutazama juu imenyooka, macho yameelekea mbele, na mikono iliyokuwa ikiishughulikia bendera ya mtu mwingine sasa yashika silaha. Kwa wakati wake hilo halikuwa jambo dogo. Katika makoloni mengi ya Afrika, sanamu za hadhara za miaka ile zilikuwa za wafalme, magavana na majemadari.

Kwa ufundi nayo ni kazi njema. Uzito wote umetupwa juu ya mguu wa mbele, na mstari mmoja wapita kutoka kisigino cha nyuma, ukapanda mgongoni, ukateremka kwa mkono hadi ncha ya singe. Ukiuzunguka mzunguko wa barabara kwa miguu (jambo ambalo si salama sana siku hizi) utaona kwamba mstari huo haukatiki upande wowote. Fundi alijua mwili wa mtu akimbiaye na mzigo wa silaha.

Kasoro yake iko usoni. Uso ule si wa mtu yeyote. Mashavu, taya na paji la uso vimepangwa vizuri, lakini havisemi huyu alizaliwa wapi wala aliogopa nini. Donatello alipofanya sanamu ya Gattamelata, jemadari wa kukodiwa anayepanda farasi mjini Padua, alimpa uso wa mtu mwenye umri, uchovu na hesabu kichwani, hata mtu angedhani kamwona jana sokoni. Stevenson alitakiwa afanye Askari, yaani aina, wala si askari fulani. Naye alitimiza alivyotakiwa. Hapo ndipo ninapoona kwamba ukombozi wa askari kutoka miguuni pa Wissmann ulikuwa nusu. Alipewa jukwaa, asipewe uso.

Maandishi yaliyo chini yake yaongeza shida. Yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling. Yawakumbuka askari, na wapagazi waliolichukua jeshi, na wote waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Kisha yamwahidi mpiganaji kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo imechongwa mahali ambapo hapana hata jina moja la marehemu. Hatuwezi kusema Kipling hakujua thamani ya jina. Mwanawe wa pekee alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915, na kaburi lake halikupatikana katika uhai wa baba. Tangu mwaka 1917 Kipling alikuwa katika Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita, ambayo kanuni yake kuu ilikuwa kwamba kila aliyekufa aandikwe jina lake, bila kujali cheo. Kanuni hiyo haikufika huku. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na huenda idadi ikafika 350,000.

Wengi katika hao ni wapagazi. Nairobi Stevenson alimsimamisha mpagazi pamoja na wapiganaji juu ya jukwaa moja, na kwa maoni yangu sanamu ile, ijapokuwa haina mwendo kama hii yetu, ni ya kweli zaidi. Dar es Salaam askari yuko peke yake juu, kana kwamba vita vile vililiwa kwa singe. Mzee yeyote wa Iringa aliyesimuliwa na babu zake angeweza kumsahihisha. Jeshi la Jenerali Northey lilipanda kutoka Nyasa likaingia Iringa mwezi wa Agosti 1916. Majeshi ya Kijerumani yaliyorudi kutoka Tabora yakapita humu humu miezi michache baadaye. Na kila upande ulikula chakula cha wenyeji na kuwachukua vijana wao wabebe mizigo. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza wakadiriwa kufika laki moja hivi, wengi kwa maradhi ya tumbo, homa na njaa. Hilo si jambo rahisi kulitia katika shaba. Mtu anayekufa kwa kuhara kando ya njia hana mstari mzuri kutoka kisigino hadi ncha ya singe.

Sasa na turudi Kalenga. Neno askari humu halisikiki kama lisikikavyo pwani. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski. Yeye mwenyewe aliuawa, na pamoja naye askari na wapagazi wake zaidi ya 200. Hao nao walikuwa Waafrika, na wengi hawakuzaliwa katika nchi hii. Mnara wa Wajerumani ungali upo Lugalo hata leo, na jeshi la Tanzania huru likalichukua jina hilo hilo kwa kambi yake ya Dar es Salaam, kwa heshima ya upande wa pili. Mwezi wa Oktoba 1894 Gavana von Schele alikuja na mizinga, boma la Kalenga likavunjwa. Na walioupanda ukuta wake walikuwa askari. Mkwawa, yaani Mkwavinyika mwana wa Munyigumba, akapigana vita vya msituni kwa miaka karibu minne, mpaka alipojipiga risasi huko Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asishikwe. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa kwa Wajerumani waliokuwa Iringa.

Basi yule askari wa shaba ni nani kwa mtu wa Kalenga? Je, ni babu yake aliyeandikishwa kwa nguvu mwaka 1916, au ni yule aliyeupanda ukuta mwaka 1894? Yamkini ni wote wawili, na huenda wakawa ni wa ukoo mmoja, kwani baada ya kushindwa wako Wahehe walioingia katika jeshi la Wajerumani na kusifiwa humo. Maandishi ya Dar es Salaam yatambua upande mmoja tu wa vita. Uso usio wa mtu, ambao nimeulaumu hapo juu, hapa waleta hasara nyingine: kwa kuwa hana sura, aweza kuwa mtu wetu na aweza kuwa adui wetu, wala sanamu haitusaidii kuamua. Wanafunzi wangu hupenda kuuliza kwa nini haikuondolewa baada ya 1961, hali barabara iliyo mbele yake imebadilishwa jina kutoka Acacia hadi Uhuru na kutoka Uhuru hadi Samora. Mimi singependa iondolewe. Ningependa isomwe pamoja na Lugalo, na hilo halijafanyika katika shule zetu.

Sababu ya pili ya kumtaja Cellini ni kichwa. Perseus amekiinua kichwa cha Medusa kwa mkono wa kushoto, na damu ya shaba yamwagika shingoni. Mwili umekunjwa chini ya nyayo zake. Lakini atazamaye kwa makini hushtuka, maana uso wa aliyekata na uso wa aliyekatwa karibu ni uso mmoja: macho yote mawili yameteremka, midomo yote miwili imetulia, nywele zimesokotwa namna moja. Cellini, mtu mkali kama alivyokuwa, hakuweza au hakutaka kumfanya aliyeshindwa kuwa kitu. Alimpa sura ile ile aliyompa mshindi.

Wale waliokichukua kichwa cha Mkwawa walifanya kinyume. Kiliingia katika mikusanyo ya mafuvu ya Ujerumani, kikawa kitu miongoni mwa vitu. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Februari 1897, majeshi ya Uingereza yaliuteka mji wa Benin na kuchukua maelfu ya kazi za shaba na pembe, vikiwamo vichwa vya shaba vilivyowekwa na kila mfalme mpya katika madhabahu ya kumkumbuka mfalme aliyemtangulia. Kwa hiyo katika muda wa miezi kumi na minane Ulaya ilichukua kutoka Afrika ya Magharibi vichwa vya shaba ikaviita sanaa, na kutoka Uhehe ikachukua kichwa cha mfupa ikakiita elimu. Katika mikono ya wenyewe vichwa vile vya Benin vilikuwa na kazi ambayo Wahehe nao walinyimwa: kumfanya mrithi akae mbele ya aliyemrithi.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliamuru fuvu hilo lirudishwe katika miezi sita. Ilichukua miaka thelathini na mitano. Gavana Edward Twining ndiye aliyelitafuta katika makumbusho ya Bremen, mwaka 1953, katika kabati zenye mafuvu mengi. Akachagua moja lenye tundu la risasi, na ambalo vipimo vyake vililingana na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai. Mwaka 1954 alilileta Kalenga akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, aliyekuja baadaye kuwa Spika wa Bunge letu. Wako wataalamu wanaotilia shaka kama ni lenyewe. Wahehe walilipokea kwa heshima zote.

Lipo jambo moja katika habari hiyo ambalo mtu wa sanaa hawezi kulipita. Chombo cha kupimia kichwa, ile bikari yenye miguu miwili iliyopinda, ndicho chombo kilicho mezani pa kila afanyaye sanamu ya uso. Stevenson alikuwa nacho, na hapana shaka Donatello naye alipima kwa namna hiyo. Fundi hupima upana wa paji la uso ili audumishe uso huo, watu wa ukoo wapate kumwona mzee wao. Huko Bremen mafuvu yalipimwa ili yapangwe kwa kabila na kwa aina. Na jamaa za Mkwawa walipopimwa vichwa vyao wakiwa hai, mpimaji alikuwa akiutafuta kwao uso wa mtu mmoja aliye na jina, kwa kutumia vipimo vilivyobuniwa na elimu isiyojali majina. Kazi ya Stevenson haikufika hapo. Alikuwa na bikari na shaba, na ruhusa ya jukwaa zima, lakini hapakuwa na ukoo wowote uliotakiwa kuja kumtambua mtu wake.